Dubu asizeeke kabla ya saa sita: shajara ya bento za watoto

Mradi wenyewe ni visanduku viwili vya chakula cha mchana, siku tano kwa wiki, na ndani ya kila kimoja kitu chenye sura: sungura, dubu, nyota, ua. Mkubwa ana miaka 7, mdogo ana miaka 4. Mimi nafunga vifuniko saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wao wanavifungua saa sita mchana. Katika saa hizo tano na nusu kisanduku kinabebwa mkobani, kinaangushwa, kinalazwa ubavu, kinakaa kwenye joto. Picha nyingi za bento zimepigwa dakika ile ile chakula kilipomalizwa kupangwa. Mimi nataka kujua kinachoonekana saa sita, kwa sababu mtoto hataiona ile ya asubuhi.

Kwa hiyo nina vipimo viwili. Jumamosi natengeneza kisanduku cha majaribio, nakitia mkobani, napanda na kushuka nacho ngazi, kisha sikigusi hadi saa sita. Siku za shule naandika kilichorudi jioni. Gharama naiandika kwa dakika na kwa chakula kilichoharibika, maana bei hutofautiana lakini slesi iliyochanika ni hasara popote ulipo.

Bento ni chakula cha Kijapani cha kubeba, na hizi zenye nyuso za wanyama na wahusika wa katuni Wajapani wenyewe huziita kyaraben. Kabla ya pambo lolote nimechukua kwao kanuni moja ya kujaza kisanduku: sehemu 3 za wali au mkate, sehemu 1 ya nyama, samaki, yai au maharage, na sehemu 2 za mboga. Sura inapatikana ndani ya hesabu hiyo, haiongezwi juu yake.

12 Januari 2025: vifaa

Vikatio vitatu vya biskuti (nyota, moyo, dinosau), mkasi mdogo mpya wa chakula tu, kibano, vijiti vya meno, mirija ya kunywea ya unene tofauti, kisukumio, nailoni ya kufungia chakula, vikombe vidogo vya silikoni. Visanduku: mililita 350 kwa mdogo, 500 kwa mkubwa.

Kifaa kilichonisaidia kuliko vyote ni mrija. Ukiukandamiza kwenye slesi ya jibini unapata duara safi la jicho; ukiubinya kidogo kwa vidole unapata umbo la yai. Vikatio nilivyoviona vinauzwa kwa seti za ishirini sijavihitaji hadi leo.

18 Januari: dinosau aliyekatika mkia

Nilianza na mkate nikidhani ndio rahisi. Slesi 11 ziliharibika asubuhi moja.

Kosa la kwanza, mkate ulikuwa wa siku ile ile na laini mno. Kikatio hakikukata, kilibonyeza tu. Kingo zikajikunja na mkia wa dinosau ukabaki umenasa ndani ya bati. Mkate wa jana hukatika vizuri zaidi. Umbo likiwa na sehemu nyembamba, weka slesi kwenye friza dakika 20, kata zikiwa ngumu. Zitalainika zenyewe wakati unaendelea na mengine.

Kosa la pili lilinichukua muda kulielewa. Nilikata dinosau wawili, wote wakitazama kushoto. Nikapaka siagi juu ya kila mmoja, kisha nikamgeuza wa pili ili pande zenye siagi zikutane. Mmoja akatazama kushoto, mwenzake kulia, mikia ikapishana. Kwa nyota na moyo huligundui tatizo hili, kwa kuwa pande zao mbili zinafanana. Mnyama anayeonekana kwa ubavu anataka moja kati ya mawili: upake kila kipande upande utakaotazamana na mwenzake, au utengeneze sandwichi nzima kwanza kisha uikate mara moja. Nimechagua la pili. Naweka kikatio, nafunika kwa ubao mdogo, nakandamiza kwa uzito wa mwili bila kuzungusha. Sharti lake ni kwamba cha ndani kiwe chembamba na kisichoteleza: jibini, samaki aliyepondwa, yai lililosagwa. Tango zima zima huvutwa na kikatio na kutoka nalo.

Kingo zote na vipande vilivyochanika nimevikausha kwenye oveni na kuvisaga kuwa chenga za mkate, kwa hiyo hakuna kilichotupwa. Muda: dakika 34 kwa sandwichi mbili, nyingi mno kwa asubuhi ya shule.

25 Januari: adui ni maji

Jumanne mkubwa alirudi na sandwichi yake nzima. "Baba, ilikuwa imelowa," akasema, akanisogezea kisanduku. Slesi ya chini ilikuwa imegeuka uji wa waridi. Nyota ilibaki na ncha tatu.

Jumamosi nikafanya sandwichi nne za nyanya: ya kwanza kavu, ya pili ina mayonesi, ya tatu ina siagi katikati tu, ya nne ina siagi hadi ukingoni kwenye slesi zote mbili. Nikazifungua saa sita. Ya kwanza na ya pili zilikuwa zimelowa kabisa. Ya tatu ilikuwa kavu katikati na imelegea pembeni, yaani pale pale ambapo umbo linaonekana. Ya nne ilisimama.

Nilitarajia mayonesi ifanye kazi, kwa sababu nayo ni mafuta. Lakini muundo wake ni kinyume cha siagi. Siagi ni mafuta kwa takriban asilimia 80, na maji yake machache yamefungwa ndani ya mafuta hayo, hivyo inafanya ukuta. Katika mayonesi matone ya mafuta ndiyo yanayoelea ndani ya maji na siki. Maji yana njia ya kupita. Siagi ilainike kwanza nje ya friji, ukiipaka ikiwa ngumu itachana mkate.

Hata hivyo nimeamua: nyanya haiingii tena kwenye sandwichi yenye umbo. Inakaa pembeni, kwenye kikombe chake cha silikoni, imefutwa maji kwa karatasi ya jikoni. Chochote kilichooshwa kinafutwa, hata jani la letusi.

Maji mengine yanatoka kwenye mvuke. Siku mbili nilifunga kifuniko chakula kikiwa bado cha moto, na chini ya kifuniko kukajaa matone yaliyonyesha juu ya kila kitu. Sasa natandaza chakula kwenye sahani pana, napepea, na sifungi mpaka sahani isihisi joto kwa nyuma ya mkono.

2 Februari: dubu mzee

Wali. Nilijaribu kwanza mchele wa punje ndefu niliokuwa nao. Donge lilishikana likiwa la moto. Lilipopoa likamwagika punje punje, kichwa cha dubu kikawa kilima. Mchele wa namna hiyo kwa kawaida una amilosi nyingi, ile wanga isiyonata. Kinachotakiwa ni mchele wa punje fupi, wenye kunata. Nikabadilisha, tatizo hilo likaisha siku hiyo hiyo.

Umbo linatengenezwa wali ukiwa wa moto wa kuvumilika, ndani ya nailoni, si kwa mkono mtupu. Nailoni inazuia kunata, na inazuia vijidudu vya mkono kuhamia kwenye chakula kitakachokaa saa nyingi. Gramu 80 kwa kichwa cha dubu, gramu 8 kwa kila sikio. Masikio hayashiki kwa kubonyezwa tu. Yalianguka kwenye ngazi mara zote mbili. Dawa yake ni kipande kifupi cha tambi kavu ya spageti, nusu ndani ya sikio, nusu ndani ya kichwa. Kinanyonya unyevu wa wali na kufikia mchana kimelainika, kinalika bila hata kuhisiwa. Usitumie kijiti cha meno kwa mtoto mdogo. Ndani ya soseji na yai tambi ililainika vilevile. Ndani ya karoti mbichi ilibaki ngumu, basi huko siitumii.

Macho, pua na mdomo nilikata kwa nori, ile karatasi nyeusi ya mwani. Asubuhi dubu alikuwa mzuri hasa: mdomo umejikunja kama anataka kucheka. Jioni mdogo akanipa taarifa kwa sauti ya huruma: "Baba, dubu wangu alikuwa babu."

Sikuelewa mpaka Jumamosi nilipofungua kisanduku changu cha majaribio. Nori ilikuwa imenyonya maji ya wali, ikasinyaa na kukunjamana. Macho yana makunyanzi, mdomo umevutwa upande mmoja, paji la uso lina mistari. Alikuwa babu kweli.

Kilichorudi: hakuna. Dubu aliliwa, na mwanangu alisema alimla polepole kwa kuwa ni mzee.

9 Februari: kumrudishia dubu ujana

Wiki nzima nimeshughulika na nori peke yake. Karatasi mbili na nusu zimekwisha.

Kwenye wali wa moto ilikunjamana ndani ya dakika chache. Kwenye wali uliopoa ilichukua muda mrefu zaidi, lakini saa sita mistari mirefu, kama mdomo, ilikuwa imenyanyuka ncha. Vipande vidogo vya macho vilivumilia vizuri. Nikajaribu kufunga kichwa kizima kwa nailoni dakika 5 baada ya kubandika: nori ililala na kushikana na wali, ikabaki hivyo. Hiyo imeingia kwenye utaratibu.

Njia bora zaidi ni kuitenga na wali kabisa. Nakata jicho la nori, nalibandika kwenye duara la jibini lenye kipenyo kikubwa kidogo, kwa tone la mayonesi kwenye ncha ya kijiti cha meno. Duara ndilo linalokaa juu ya wali. Saa sita jicho lilikuwa bado la mviringo na linang'aa. Jibini isiwekwe wali ukiwa na joto, itayeyuka. Na ikatwe kwa kijiti cha meno badala ya kisu. Kisu kinaiburuta, kijiti kinaikata kama unachora.

Macho mawili yalingane: kunja nori mara mbili, kata mara moja. Mdomo mrefu naukata vipande viwili vifupi vinavyokutana chini ya pua, hivyo hata vikisinyaa havina nguvu ya kuvutana. Nori yenyewe ikae kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na kile kipakiti cha kukausha. Ikiachwa wazi inalegea na mkasi unaitafuna badala ya kuikata.

Kosa jingine la wiki hii: nilitengeneza vichwa vinne Jumapili usiku na kuviweka kwenye friji. Asubuhi vilikuwa vigumu kama chaki. Wanga wa wali hukakamaa upesi zaidi kwenye baridi ya friji kuliko kwenye friza. Wali wa akiba sasa unaenda friza ungali mpya, unapashwa moto sawasawa asubuhi, ndipo unafinyangwa.

16 Februari: mayai

Mayai 9 yameharibika, yote yameliwa na wakubwa wa nyumba hii.

Kifinyango cha plastiki cha sungura kinahitaji yai la kuchemsha lililomenywa sasa hivi. Nililitia yai lililopoa, likatoka kama lilivyoingia. Ute ukishapoa haukubali tena umbo. Ukiwa wa moto unanyumbulika. Kwa hiyo: chemsha dakika 12 hadi kiini kishikane kabisa, menya chini ya maji huku likiwa la moto, tia kifinyangoni, funga, zamisha kwenye maji ya barafu dakika 10. Yai kubwa kupita kifinyango lilipasuka kwenye shavu. Dogo likatoka bila masikio. Chagua yai linalojaza bila kulazimisha.

Kumenya ndiko kulikonichosha. Ute ulikuwa unatoka na ganda, sungura akabaki na mashimo. Mayai yalikuwa mapya mno. Yai likikaa siku kadhaa, hewa ya ukaa hutoka polepole kupitia ganda, ute unapungua uasidi na hauling'ang'anii tena ganda. Natumia mayai ya wiki moja, nayatia kwenye maji yanayochemka tayari badala ya kuanza na maji baridi. Tangu hapo mashimo yamekwisha.

Kwa yai la moyo huhitaji kununua kitu. Kata kipande cha pakiti ngumu ya maziwa iliyooshwa, kikunje kama herufi V, laza yai la moto ndani, weka kijiti cha kulia juu yake kwa urefu, funga ncha mbili kwa mipira. Kikipoa, kata yai kwa upana katikati: kila nusu ni moyo.

22 Februari: pweza, sungura wa tufaha, na koo la mtoto wa miaka 4

Hapa naomba msomaji asiruke.

Soseji ya pweza ni ya zamani katika bento: unakata nusu ya chini ya soseji fupi iwe miguu sita au minane, ukiichemsha miguu inafunguka nje. Inachukua dakika 4 na watoto wanaipenda. Lakini kichwa cha pweza kinabaki duara zima, na duara la soseji ni miongoni mwa vyakula vinavyoziba koo la mtoto mdogo vibaya kabisa, kwa sababu vinalingana na njia ya hewa. Kwa mkubwa naacha kichwa. Kwa mdogo naipasua soseji nzima kwa urefu kwanza, kila nusu inakuwa pweza anayelala kifudifudi. Zabibu vivyo hivyo, zinakatwa kwa urefu mara nne; vinyanya vidogo pia. Ua la zabibu lililokatwa linapendeza kuliko zabibu nzima, wala hupotezi chochote. Karanga nzima hapana. Siagi ya karanga usiitie kabla ya kuuliza shule, kwa sababu ya watoto wenye mzio.

Sungura wa tufaha: gawa tufaha vipande nane, toa mbegu, chora V kwenye ganda, menya kuelekea ncha ya V ukiacha masikio mawili. Jaribio la kwanza lilirudi la kahawia. La pili nililoweka dakika 5 kwenye nusu lita ya maji yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha nikalifuta. Chumvi hupunguza kazi ya kimeng'enya kinacholigeuza rangi tufaha likikutana na hewa. Maji ya limau nayo yalifanya kazi, ila mdogo alikataa uchachu wake.

1 Machi: rangi

Manjano kidogo ndani ya maji ya kupikia wali: njano nzuri, haina tatizo. Bitiruti: waridi nzuri asubuhi, na saa sita waridi hiyo ilikuwa imehamia kwenye jibini na kwenye yai. Nimeiacha.

Kabichi ya zambarau ilinifundisha kitu. Maji yake yenye chembe ya magadi soda huwa ya buluu, nikapaka wali kuwa anga kwa ajili ya dubu. Nilipofungua kisanduku, nusu ya anga ilikuwa waridi. Pembeni nilikuwa nimeweka tango la siki, siki ikapenya kwenye wali, na rangi ya kabichi hugeuka waridi ikikutana na asidi. Mkubwa aliposikia alitaka nirudie makusudi, na Jumapili tulifanya machweo mezani pamoja, yeye akidondosha limau kwa kijiko. Kwa shule, anga inataka kuta za silikoni.

8 Machi: ubaridi

Nilipaswa kuandika hili mwanzoni. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 au juu ya nyuzi 60 za selisiasi. Visanduku vyetu vinakaa saa tano na nusu. Wali una hatari yake ya pekee: spora (kama mbegu zilizolala) za bakteria Bacillus cereus hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi.

Sasa kila kisanduku kinaingia kwenye mfuko wenye kuhifadhi ubaridi, na pakiti ya barafu juu ya kifuniko, si chini, kwa kuwa hewa baridi hushuka. Yai linaiva hadi ndani. Mkasi na kibano vinamwagiwa maji ya moto kabla ya kukata nori, maana nori haipikwi tena baada ya hapo. Barafu ina ubaya wake: wali ulio karibu nayo unakakamaa kidogo. Naweka sandwichi au tunda upande wa barafu, dubu upande wa pili.

16 Machi: ilipofikia

Muda umeshuka kutoka dakika 34 hadi 14 kwa visanduku viwili. Kilichopunguza ni uamuzi wa sura moja tu kwa kila kisanduku. Vinginevyo ni chakula cha kawaida kilichobanwa vizuri. Jumapili nakata macho na midomo ya wiki nzima na kuihifadhi kwenye kopo, naandaa maua ya karoti (chemsha vipande dakika 1, kata umbo, malizia kuchemsha, mbichi huumiza kiganja, zilizoiva hupasuka) na kuyagandisha.

Kupanga nako kuna mfuatano. Dubu kwanza, kisha protini, kisha mboga, mwisho vinyanya na njegere kwenye kila pengo. Natikisa kisanduku kabla ya kufunga. Nikisikia kitu kinatembea, bado hakijajaa.

Kilichobaki bila ufumbuzi ni dinosau. Mkia wake unavunjika mara moja kati ya tatu, hata kwa mkate uliogandishwa. Wiki ijayo nitajaribu slesi zilizosukumwa zikawa nyembamba.

Kilichorudi Ijumaa: kwa mkubwa, vipande viwili vya tango. Kwa mdogo, sungura mmoja wa tufaha, kaliwa upande mmoja, kalazwa peke yake kwenye kikombe cha silikoni. "Huyo wako, Baba." Nilimgeuza chini ya taa kabla ya kumla. Alikuwa bado mweupe.